Karatasi ya FBP ina neno kuhusu malaria

Jirani yangu mmoja hapa Kiseke, Mwanza, alinijia jioni, masika yamekolea, bahasha ya kaki kaificha ndani ya kanga isilowe. Alipoketi alizitoa karatasi na kuzitandaza mezani moja moja kama anayeanika dagaa.

“Shikamoo baba. Naambiwa wewe ni mtu wa maabara.”

“Marahaba, mama. Nilikuwa, sasa nimestaafu. Mtoto yuko wapi?”

“Amelala. Leo siku ya nne homa inapanda na kushuka. Wamesema taifodi, dawa anakunywa, lakini wapi.”

Karatasi ya kwanza ilikuwa ya Widal, kipimo cha taifodi ambacho nikianza kukisema leo hatutafika tunakokwenda. Ya pili ilikuwa ya mkojo. Ya tatu ndefu, nyembamba, imechapwa na mashine: FBP, picha kamili ya damu ya mtoto wa miaka 9. Hemoglobini 9.8. Chembe nyeupe 5.2, za kawaida tu. Nikashuka na kidole hadi mistari ya chini, kule ambako wengi huwa wamekwisha kuchoka kusoma, nikakuta PLT 58 na herufi L ubavuni mwake. Hakuna aliyeizungushia kalamu.

“Malaria walimpima?”

“Hapana. Walisema vile vikadi vyao vimeisha, halafu huku kwetu siku hizi malaria si sana.”

“Na Pasaka alikuwa wapi?”

“Kwa bibi yake, Sengerema.”

Kliniki aliyopimwa ni ya mjini na jina lake nitalinyamazia, kwa sababu kosa lile ningeweza kulikuta katika maabara yoyote kati ya Sabasaba na Buswelu, na miaka ya nyuma nimelifanya mwenyewe. Mashine iliona jambo, ikalichapa, karatasi ikakunjwa na kutiwa kwenye bahasha.

Wenye zahanati binafsi wananiuliza mara kwa mara kama mashine ya FBP inaweza kuwasaidia kuchuja wagonjwa wa malaria. Wameona matangazo ya mashine mpya zenye alama ya tahadhari ya malaria, na muuzaji amewapigia simu mara tatu. Jibu langu ni ndiyo, inasaidia. Lakini inasaidia kwa namna ambayo muuzaji hataitaja, na inamfaa zaidi mgonjwa ambaye daktari hakumdhania malaria kabisa.

Tuanze na mashine yenyewe. Mmarekani Wallace Coulter alipata hataza yake mwaka 1953 kwa wazo ambalo mfugaji yeyote wa Usukumani angelielewa bila kuchorewa. Ukitaka kuhesabu ng'ombe, wapitishe kwenye josho mmoja mmoja na mtu akae mlangoni. Coulter alizipitisha chembe za damu kwenye tundu dogo lenye mkondo wa umeme. Kila chembe inapopita inauziba mkondo kidogo, na kadiri chembe ilivyo kubwa ndivyo mshtuko unavyokuwa mkubwa. Hesabu ya mishtuko ni idadi ya chembe, na ukubwa wa mshtuko ni ukubwa wa chembe. Mashine nyingi za maabara ndogo bado ni josho hilo hilo, lililofungwa kwenye kisanduku kizuri chenye kioo cha kugusa. Chembe nyeupe huzigawa makundi matatu, basi, ndiyo maana mafundi huziita mashine za sehemu tatu.

Aina ya pili ni mashine za sehemu tano. Hizi, juu ya umeme, zinammulika kila ng'ombe kwa taa anapopita, yaani zinaipiga kila chembe kwa mwanga wa leza na kuangalia mwanga unavyotawanyika. Tofauti hii si ya mafundi peke yao. Karibu kila unalosikia kuhusu mashine ya damu “kuona malaria” linahusu mashine zenye mwanga. Mwenye mashine ya sehemu tatu akikuambia mashine yake inaona wadudu, mshukuru kwa ukarimu wake, kisha nenda kapimwe kwingine.

Mwanga unaona nini? Unaona masizi. Mdudu wa malaria akishaingia ndani ya chembe nyekundu, chakula chake ni hemoglobini. Akiila, kinabaki kipande chenye madini ya chuma ambacho ni sumu kwake, naye anakifungasha kuwa vijiwe vidogo vya kahawia iliyokolea viitwavyo hemozoini. Hayo ndiyo masizi ya jiko lake. Alphonse Laveran, daktari wa jeshi la Ufaransa aliyemwona mdudu huyu kwa mara ya kwanza tarehe 6 Novemba 1880 kule Constantine, Algeria, alikuwa akiyachunguza masizi hayo kwenye damu ya askari wagonjwa pale alipowaona wadudu wenyewe wakicheza. Chembe nyekundu ikipasuka, masizi yanamwagika, na chembe nyeupe zinayameza kama mfagiaji wa soko anavyozoa taka.

Vijiwe hivyo vina tabia ya kuupinda mwanga wa leza kwa namna ya pekee. Mwaka 1999 Barry Mendelow na wenzake wa Afrika Kusini walieleza kwamba mashine ya Cell-Dyn ya kampuni ya Abbott, iliyotengenezwa kuhesabu chembe tu, ilikuwa ikichora nukta ngeni kwa wagonjwa wa malaria. Zilikuwa chembe nyeupe zilizoshiba masizi. Mashine haikutumwa kutafuta malaria; iliikuta njiani. Tangu hapo kampuni nyingine zimefuata, kila moja kwa mlango wake: Beckman Coulter walitazama jinsi ukubwa wa chembe nyeupe unavyotofautiana kupita kiasi, Mindray na Horiba wakaweka alama za tahadhari.

Masizi yana hila zake, na mtu wa maabara asipozijua ataumbuka. Mdudu mchanga, yule tunayemwona kwenye hadubini kama kipete, bado hajapika vya kutosha, kwa hiyo moshi wake ni mdogo. Na aina tuliyo nayo sana huku, falsiparamu, wale wakubwa wenye masizi mengi hujificha kwenye mishipa midogo ya viungo vya ndani na hawaonekani kwenye damu ya mkononi. Mgonjwa wa siku ya kwanza anaweza kupita mbele ya leza bila kuacha alama. Aliyekwisha kumaliza dozi ya mseto naye anaweza kubaki na chembe zenye masizi siku kadhaa baada ya wadudu kufa. Mashine itamwita mgonjwa wakati amepona.

Kampuni ya Sysmex ya Kobe, Japani, iliamua kuacha masizi na kumtafuta mdudu mwenyewe. Mashine yao ya XN-31 inatia damu rangi inayong'aa ikigusana na chembechembe za urithi, kisha inaipiga kwa leza ya zambarau. Hoja yao ni nyepesi na nzuri: chembe nyekundu iliyokomaa haina kiini, ni nyumba isiyo na mwenyewe, basi ukiona taa inawaka ndani yake kuna aliyevamia. Ndani ya dakika kama moja inatoa idadi ya chembe zenye wadudu, na inaweza kushuka hadi wadudu wapatao 20 kwa kila maikrolita ya damu. Mtaalamu mzuri wa hadubini hufika kama 50, na vikadi vya kipimo cha haraka huanza kuyumba chini ya 100 au 200. Mwaka 2022 jarida la Malaria Journal lilichapisha kazi ya watafiti wa Kijapani na Kikenya walioijaribu mashine ya mfano wa aina hiyo nchini Kenya, katika bonde la ziwa hili hili letu, kuona kama inafaa kufuatilia malaria kwenye jamii. Walitoka na matumaini.

Mimi pia naipenda mashine hiyo, na siioni ikifika zahanati ya Kiseke karibuni. Inahitaji umeme usiotetereka, vitendanishi vya mwenye mashine na si vya mwingine, na fundi anayeijua. Wanaofanya kazi maabara wanajua hadithi ya mashine iliyofika kwa mbwembwe, ikazinduliwa kwa utepe, na miezi michache baadaye imefunikwa kitambaa kwa sababu kopo moja la kitendanishi halipatikani. Mahali pake kwa sasa ni hospitali kubwa na vituo vya utafiti. Hapo ina kazi ya maana: mkoani Kagera, wilayani Karagwe, watafiti wetu wamethibitisha wadudu wenye badiliko la R561H wanaochelewa kufa kwa dawa za artemisinini, na anayefuatilia jambo hilo anahitaji kuhesabu wadudu siku baada ya siku, hasa siku ya tatu ya dawa. Kuhesabu kwa jicho siku nzima kunachosha, na mtu aliyechoka hukosea.

Sasa turudi kwenye ile mashine ya josho iliyopo tayari mtaani, ambayo haina leza wala rangi inayong'aa. Ina kitu kimoja cha kutupa, nacho ni ule mstari wa PLT. Hizo ni chembe sahani, zinazosaidia damu kuganda. Maabara tunaziita pleti. Mtu mzima wa kawaida ana kuanzia 150 hadi 400 na ushei, kwa hesabu ya maelfu katika kila maikrolita. Malaria inazishusha, hata isipokuwa kali, na zinashuka mapema. Bandama inazimeza na kinga ya mwili inaziharibu. Mwaka 2010 utafiti wa magharibi mwa Kenya ulioangalia watoto 961, kati yao 523 wakiwa na malaria, ulikuta kwamba katika vipimo vyote vya FBP, pleti ndizo zilizoashiria malaria kwa nguvu kuliko vingine. Mtoto mwenye pleti chini ya 150 alikuwa na uwezekano wa kuwa na malaria mara 13.8 kulinganisha na mwenye pleti za kutosha. Ni ng'ambo tu ya maji haya. Watoto wale wanakula samaki wale wale.

Ukiishia hapo utanunua mashine kesho. Usinunue bado.

Pleti hushuka kwa mambo mengi, na ukanda wetu wa ziwa una mambo yake. Kichocho cha tumbo kimejaa kwenye fukwe hizi, kuanzia visiwani mpaka Igombe na Kayenze. Kikikaa miaka kinaharibu ini, bandama inavimba, na bandama kubwa inakusanya pleti na kuzificha. Mvuvi wa namna hiyo atakuwa na PLT 80 mwaka mzima, ana malaria au hana. Dengi nayo inazishusha. Watu wa Dar es Salaam walijifunza neno “pleti” kwa uchungu katika milipuko ya mwaka 2014 na 2019. Virusi vya UKIMWI, maambukizi ya bakteria kwenye damu, hata baadhi ya dawa, vyote vimo.

Kisha kuna kosa la mikono yetu. Damu ya FBP inawekwa kwenye kichupa chenye kifuniko cha zambarau, kilichopakwa dawa ya kuzuia kuganda. Kichupa kinatakiwa kupinduliwa taratibu mara kadhaa damu ikiingia tu. Mtoto akilia na mama akimvuta, mpimaji anakiweka mezani ahangaike na pamba. Pleti zinashikana mafungu, na mashine, ambayo inapima kwa ukubwa, inayaona mafungu na kuyahesabu vibaya. Inachapa PLT 40 kwa mtoto mzima wa afya. Wenye siko seli, ambao Kanda ya Ziwa tunao wengi, damu yao inaisumbua mashine kwa namna nyingine. Ndiyo maana nasema namba ya mashine bila slaidi chini ya hadubini ni fununu.

Fununu ina thamani gani? Hapo inabidi tupige hesabu, na msomaji anivumilie kidogo. Tuseme kuna dalili ya mashine inayokamata wagonjwa 90 kati ya 100 wenye malaria, na kuwaacha salama watu 90 kati ya 100 wasio nayo. Namba hizi ni za mfano, na ni za ukarimu. Chukua watu 1,000 wenye homa mahali ambapo 400 kati yao wana malaria kweli. Mashine itawakamata 360, na itawasingizia 60 kati ya wale 600 wengine. Ikikunyooshea kidole, ina haki mara 6 kati ya 7. Sasa hamia mahali ambapo wenye malaria ni 50 tu kati ya 1,000. Itawakamata 45, na itawasingizia 95. Mashine ile ile, fundi yule yule, vitendanishi vile vile, na sasa kati ya watu watatu inaowanyooshea kidole, wawili hawana malaria.

Kwetu Mwanza mahali hapo pawili pako karibu kuliko watu wanavyodhani. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta vimelea kwa asilimia 8 ya watoto wa miezi 6 hadi 59 nchini, wakati mwaka 2007-08 ilikuwa asilimia 18. Hizo ni wastani, na wastani ni kama kina cha ziwa: kuna pa kuvuka kwa miguu na kuna pa kuzama. Katika jaribio kubwa la vyandarua lililofanywa wilaya ya Misungwi na kuchapishwa mwaka 2022 katika jarida la Lancet, miaka miwili baada ya vyandarua kugawiwa, watoto 45.8 kati ya 100 walikuwa na vimelea katika vijiji vilivyopewa vyandarua vya dawa ya kawaida. Vijiji vilivyopewa vyenye klofenapiri pia vilikuwa na 25.6. Misungwi ni nauli moja ya basi kutoka stendi ya Nyegezi.

Kwa hiyo mtu anayeniambia “Kiseke malaria si sana” ananiambia kweli nusu. Nyumba zimejengwa, madirisha yana nyavu, mabonde mengi yamegeuka viwanja. Lakini watu wa Kiseke hawakai Kiseke. Wana mashamba Misungwi, misiba Magu, wakwe Ukerewe, na tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa, Sengerema imekuwa mahali pa kwenda asubuhi na kurudi jioni. Mdudu hapandi basi, anapandishwa. Mtoto wa jirani yangu alimpandisha Pasaka, akashuka naye hapa siku kumi na kitu baadaye, na daktari aliyemwona alitazama anwani yake tu.

Hili ndilo jambo ambalo limenisukuma kuandika. Miaka ishirini iliyopita ugonjwa wetu ulikuwa kinyume chake: kila homa ilikuwa malaria. Mwaka 2004 Hugh Reyburn na wenzake walichapisha matokeo ya hospitali 10 za kaskazini mwa Tanzania. Kati ya wagonjwa 4,474 waliolazwa wakitibiwa malaria kali na slaidi zao kukaguliwa upya, waliokuwa na vimelea ni asilimia 46.1 tu, na waliokufa zaidi ni wale wasio na vimelea. Huko Moshi, wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa kati ya 2007 na 2008, asilimia 60.7 waliandikiwa malaria, na waliokuwa nayo kweli walikuwa 14. Kumi na wanne!

Vipimo vya haraka vilikuja kutuponya na ugonjwa huo, na kwa kiasi kikubwa vimetuponya. Shirika la Afya Duniani tangu 2010 linataka kila homa inayodhaniwa malaria ipimwe kabla ya dawa. Ila mjini tumehamia upande wa pili wa mtumbwi. Homa sasa ni “taifodi na yutiai” kabla mgonjwa hajakaa vizuri kwenye kiti, na malaria inakumbukwa siku ya tano. Mtumbwi hauzami kwa upande mmoja tu.

Mashine ya FBP ina nafasi yake hapo, pale ambapo daktari hakuifikiria malaria. Mgonjwa mwenye homa ambaye malaria inadhaniwa apimwe kwa kikadi au slaidi moja kwa moja. Kikadi kwa bei ya jumla hakifiki dola moja ya Marekani, na katika vituo vya umma mgonjwa hakilipii. Kumwuzia FBP ili “tuone kama ni malaria” ni kumwibia, na naandika neno hilo nikiwa nimelipima. Pia asirudishwe nyumbani kwa sababu pleti zake ni nzuri, maana wapo wengi wenye malaria na pleti za kutosha. Lakini yule aliyefanyiwa FBP kwa sababu nyingine yoyote, mjamzito wa kliniki, anayesubiri upasuaji, mtoto wa “taifodi”, mzee wa kisukari aliyeanza kutetemeka, huyo mashine imekwisha kumhesabu pleti bila gharama ya ziada. Zikiwa chini ya 150 na mtu ana homa au alikuwa nayo juzi, mashine imesema neno. Mtu wa maabara analazimika kulisikia.

Tena kichupa kile cha zambarau hakiishi. Mashine inanyonya tone, damu iliyobaki inakaa kwenye kibao mpaka jioni, kisha inamwagwa. Kikadi cha malaria kinahitaji maikrolita 5 tu. Slaidi nzito na nyepesi zinahitaji matone mawili. Damu hiyo hiyo inafaa kwa yote, bila kumchoma mgonjwa mara ya pili, bila kumwambia arudi kesho. Kwa miaka yote niliyofanya kazi sikuwahi kuona maabara ndogo iliyoandika ukutani: PLT chini ya 150 na homa, chukua kichupa, pima malaria, ndipo utoe karatasi. Inachukua dakika 20.

Kuna faida nyingine ya mashine hii ambayo sijawahi kusikia muuzaji akiitaja, pengine kwa sababu haina mvuto wa kibiashara. Sote tumezoea kuulizana “umekutwa na malaria ngapi?” na mtu anajibu malaria tatu, wengine wadudu watano, kama anayetaja bei ya nyanya. Namba hiyo inatoka kwenye hesabu ya wadudu tunaowaona huku tukihesabu chembe nyeupe 200. Ili kuigeuza kuwa wadudu kwa maikrolita, tunazidisha kwa 40, kwa kudhani kila binadamu ana chembe nyeupe 8,000 kwa maikrolita. Hakuna aliyehakikisha kwamba wewe unazo 8,000. Mtu mwenye 4,000, hesabu yake imekuzwa mara mbili. Mtoto mwenye nimonia juu ya malaria, chembe nyeupe 16,000, hesabu yake imepunguzwa nusu, na huyo ndiye uliyepaswa kumwogopea. Mwenye FBP mezani ana namba ya kweli ya chembe nyeupe. Aitumie.

Mtoto wa jirani yangu tulimpeleka usiku ule kituo cha afya kilicho karibu. Kikadi kilitoa mistari miwili kabla mama hajamaliza kusimulia. Slaidi ilikuwa na wadudu 310 kwa chembe nyeupe 200. Kwa mazoea hao ni wadudu 12,400 kwa maikrolita. Kwa chembe zake mwenyewe, zile 5.2 zilizochapwa siku moja kabla, ni wadudu wapatao 8,060. Alipewa mseto, dozi ya siku tatu. Siku ya tatu alikuwa akigombana na dada yake kuhusu rimoti. Nilimwomba mama arudie FBP baada ya wiki, pleti zikawa 214, kama zinavyofanya mara nyingi mdudu akishaondoka. Zisingeinuka zile pleti, ningemwambia amrudishe hospitali na kuuliza habari za bandama.

Wewe unayesoma, ukipewa karatasi ya FBP nawe una homa, au umetoka safari ya kijijini wiki mbili zilizopita, usiikunje. Shuka na kidole hadi PLT. Ikiwa chini ya 150, mwulize aliyekupa kwa upole: “Samahani dokta, malaria nimepimwa?” Akisema hapana, mwombe atumie damu iliyobaki.

Na ninyi wenye maabara za Kiseke, Nyasaka na Buswelu, kabla hamjamjibu yule anayepiga simu kuuza mashine ya leza, andikeni ile kanuni ya PLT ukutani wiki hii na mnunue boksi la vikadi lisiloisha. Mashine mliyo nayo inatosha kuanzia.